Santuri Iliyopakwa Udongo Mweupe

Maneno haya niliyasikia kwa muuza samaki wa kuvundika, asubuhi ya siku ya mnada. Alikuwa anampimia mteja huku anaongea bila kuinua kichwa. Alisema nyumba ya mwisho kijijini kwetu Non Yang, kwa Bibi Bunthan mjane, kuna santuri iliyozibwa mdomo kwa udongo mweupe. Zamani, kabla haijazibwa, watoto wa watu walikuwa wanaacha michezo yao saa nane ya mchana wanakwenda kukaa kwenye ngazi zake. Hakuna aliyewatuma. Walikaa tu wakisubiri chakula, na yeye wakamwita mama.

Mteja akacheka, akasema labda Bibi Bunthan alikuwa anapika vizuri kuliko mama zao. Na mimi nikacheka. Nikachukua samaki wangu nikaondoka. Lakini njia nzima yale maneno yalinifuata, hasa ile saa. Mtu anayetunga uongo hasumbuki kutaja saa.

Nina mtoto mmoja, wa kike, Fai. Baba yake alikuwa seremala. Alipokufa alituachia benchi, randa mbili na ndoo ya gundi nyeupe ya mbao. Mimi na mama yangu mzazi, Bibi Kongma, tunatengeneza mikate myembamba ya mchele wa kunata, ile ya duara inayoanikwa juani kwenye mikeka kisha ikachomwa kwenye makaa mpaka ifure. Fai mikate hakuitaka. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na pikipiki akinunua santuri za nyimbo zetu za zamani, zile ndogo zilizotupwa chini ya nyumba zetu za kuinuliwa kwa nguzo pamoja na majembe mabovu. Anazileta nyumbani, anazisafisha, anazisikiliza, anazipiga picha, na watu wa Bangkok wanaagiza kwa simu.

Hao watu wa Bangkok, aliniambia, wana mashine za kuoshea santuri ambazo kwa bei ya moja unapata pikipiki mbili. Fai alikuwa na beseni. Alikuwa anapiga vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi, halafu anafunika karatasi ya katikati kwa vifuniko viwili vya bakuli la plastiki ili isilowe. Anatumia maji ya mvua, si ya bomba, kwa sababu ya bomba yanaacha chumvi. Matone mawili ya sabuni ya vyombo. Kitambaa ni nepi yake mwenyewe ya utotoni, nilikuwa nimeitunza. Anafuta akizunguka na mifereji, hakatizi. Kisha anasuuza, anazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Nilipenda kumtazama. Santuri inaingia kama kifuniko cha sufuria ya zamani, inatoka nyeusi inang'aa mpaka unaona meno yako.

Siku tatu baada ya ule mnada alirudi na gunia. Nikamuuliza amelitoa wapi.

"Kwa Bibi Bunthan. Kaniita mwenyewe, mama. Nilikuwa napita zangu, akanipungia mkono."

Nikamweleza niliyoyasikia kwa muuza samaki, yote, na saa yake. Fai alicheka mpaka akaegemea nguzo.

"Mama, wewe ungezaliwa kuku ungekimbia hata yai lako."

Bibi Kongma naye akacheka, ingawa sidhani kama alikuwa amesikia vizuri. Basi nikanyamaza.

Katika lile gunia zilikuwemo santuri kama thelathini, nyingi za kawaida. Moja haikuwa na maandishi ya kiwanda. Karatasi yake ya katikati ilikuwa nyeupe, imeandikwa kwa mkono na wino umefifia. Na mifereji yake ilikuwa imejaa kitu cheupe, pande zote mbili. Niliichukua nikaielekeza kwenye mwanga. Vumbi la kawaida hukaa ovyo, hapa limelala kama shuka, pale hakuna kitu. Huu weupe ulikuwa umejaa sawasawa, mfereji kwa mfereji, kama mtu anavyoziba nyufa za ukuta. Niliona. Nikairudisha mezani bila kusema neno, kwa sababu nilikuwa nimeshachekwa mara moja siku hiyo na sikutaka ya pili. Mpaka leo nikikumbuka hapo nashika kichwa.

Fai aliiosha mara ya kwanza, weupe haukutoka. Akaiosha mara ya pili na maji ya uvuguvugu. Mara ya tatu aliiloweka. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua iko mbali, na katika mitungi yetu mikubwa mitatu ya maji ya mvua ulikuwa umebaki mmoja na nusu. Nilipomwona anachota ndoo nyingine nikapandisha sauti. Nikamwambia maji ya kunywa ya bibi yako hayawezi kuishia kwenye sahani moja ya plastiki. Akaniambia basi hiyo ataitupa, maana sabuni haiiwezi.

Sikutaka aitupe vilevile. Ilikuwa imeshakula maji yangu. Nikakumbuka aliwahi kuniambia kuwa wenye santuri huko mjini wanaimwagia gundi ya mbao, inakauka, wanaibandua na uchafu wote unatoka nayo. Nikaenda kwenye benchi la marehemu, nikafungua ile ndoo, nikakoroga kwa kijiti. Ilikuwa bado laini. Nikamletea kwa mkono wangu.

Fai alishangaa, akafurahi. Aliitandaza gundi upande wa kwanza kwa kadi ya zamani ya simu, akaiacha kivulini mpaka kesho yake ilipogeuka kutoka nyeupe kuwa kama kioo. Kisha akashika ukingo kwa kucha, akavuta polepole. Ilitoka nzima, kwa sauti kama kitambaa kinachochanika mbali. Ule utando ulikuwa duara kamili, una mifereji yake yote, na weupe wote umekwama ndani. Chini yake santuri ilikuwa nyeusi kama jana imetoka kiwandani. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili, nao ukabanduka kesho yake.

Tando zile mbili alizipenda. Aliziinua juani zikatoa rangi kama mafuta juu ya maji. Akaziweka pembeni mwa mkeka wangu, juu yake vijiwe zisipeperuke, pamoja na mikate yangu ya mchele. Zilikuwa na ukubwa uleule, kiganja na nusu. Nikamwambia aziondoe. Akasema sawa mama, baadaye.

Aliipiga mchana uleule. Mimi nilikuwa chini ya nyumba natwanga mchele, yeye juu, dirisha liko wazi. Kwanza ilisikika filimbi ya mianzi, kisha sauti ya mwanamume mzee, karibu sana, kama vile amekaa kwenye mkeka wetu. Hakuwa anaimba mapenzi wala vichekesho. Alikuwa anaita. Kila mtu huku kwetu anaujua mwito ule. Tunao tunapomwita mtu aliyeugua au kushtuka, ili roho zake ndogo zilizotawanyika zirudi mwilini, ndipo tunamfunga nyuzi nyeupe mkononi. Ila mwito huo humtaja anayeitwa kwa jina lake. Huyu hakutaja jina.

Alisema: njoo, mwanangu, usilale kwenye nchi ya mchanga, wali umeiva, ngazi iko palepale, mama yako ameketi juu anakungoja.

Nilisikia kila neno, lakini miguu yangu ilibaki kwenye kinu. Baadaye nilikuja kujua kwa nini. Nilipopanda juu nilimkuta Fai ameketi mbele ya mashine ya kupigia santuri, mdomo uko wazi kidogo kama mtoto anayelishwa. Akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mfupi. Umefika, sauti ilisema. Kaa. Kula. Usiulize njia ya kurudi.

Sindano ikafika mwisho ikawa inakwaruza tu. Ilikuwa saa nane na kidogo.

Kesho yake, saa nane, Fai alisimama katikati ya maneno. Alikuwa ananisimulia habari ya mteja wa Bangkok anayetaka kila kitu bure. Akasimama, akasema anakwenda kumshukuru Bibi Bunthan. Alikwenda kwa miguu. Pikipiki ilibaki, simu ilibaki, hata kandambili zake zilibaki chini ya ngazi, na wakati huo mchanga wa njia ile ungeweza kuchoma yai.

Siku ya pili alikwenda kumsaidia kuchota maji. Siku ya tatu hakusema anakwenda kufanya nini. Siku ya nne nilimtengenezea achari ya papai bichi anayoipenda, yenye pilipili nyingi. Akala vijiko viwili kwa adabu akaniambia ameshiba, amekula nyumbani. Nikamuuliza nyumbani wapi. Akanitazama kama nimemuuliza jua liko wapi. Beseni lake lilikauka, likaingia buibui. Siku ya sita hakurudi kulala.

Nilifanya kila kitu ambacho mama wa huku anafanya. Nilichukua kikapu cha kuvulia samaki, nikakipitisha hewani pale alipokuwa anaoshea santuri, nikizoa, nikiita jina lake, nikiziita roho zake ndogo zote thelathini na mbili. Nikaweka yai na wali. Alipopita kuchukua kanga yake nikamkamata, nikamfunga nyuzi nyeupe mikono yote miwili. Aliniachia mikono yake bila kubisha. Alizitazama zile nyuzi kwa heshima, kama unavyotazama zawadi ya mgeni, akanishukuru, akaondoka. Mzee anayetuongozea mambo hayo akaniambia kikapu hakikuwa na uzito. Roho iliyopotea huzoleka. Hii haikupotea, alisema, hii imeitikia.

Siku hiyohiyo, jioni, jua bado lipo, Bibi Kongma alikuwa anachoma mikate ya kupeleka hekaluni. Macho yake yana ukungu, anachoma kwa harufu na mazoea. Mimi nilikuwa nimekaa nimeegemea mtungi, sina nguvu hata ya kufukuza nzi. Nikasikia harufu kali ambayo si ya mchele. Nikageuka. Juu ya makaa palikuwa na duara la kioo linajikunja taratibu, kingo kwa ndani, mpaka likawa na umbo la sikio. Na lilikuwa linatoa sauti nyembamba, kama mvuke unavyolia kwenye mfuniko. Ndivyo nilivyojiambia, mvuke.

Lakini mama yangu ni kiziwi kwa nusu. Usipopiga kelele hakusikii. Alishusha koleo akageuza uso kushoto na kulia.

"Samruai," akasema, "nani huyo anamwambia mtu akae?"

Nilichukua koleo nikautoa ule utando wa gundi, ukawa umeshakuwa majivu meusi, ukavunjikia palepale jikoni. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Bunthan.

Nyumba yake iko baada ya shamba la mihogo, peke yake. Fai alikuwa kwenye ngazi anapepeta mchele. Alikuwa amesuka nywele kwa mtindo wa zamani ambao sikumfundisha. Aliponiona alisimama, akaweka ungo chini, akakunja mikono kifuani akainama vizuri kabisa, kama nilivyomfunza tangu mdogo kuwasalimu watu wazima wa nyumba nyingine.

"Karibu, Mama Samruai," akasema. "Mama yupo chini ya nyumba, anamenya ukwaju."

Nimezika mume. Nimezika kaka. Sijawahi kusikia kitu kikaniingia kama kile.

Bibi Bunthan alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi, maganda ya ukwaju yamemzunguka. Mwanamke mdogo, mkavu. Akaniambia kaa, mwanangu. Nikamwambia asiniite hivyo. Akatikisa kichwa kama anayekubali, akaendelea kumenya.

Nilimuuliza alichomfanyia mtoto wangu. Akanieleza bila kuficha, na nadhani bila aibu pia. Yeye na mumewe walikuwa na mtoto mmoja, Thawi, alikwenda Uarabuni kujenga barabara, enzi zile vijana wote walikuwa wanakwenda. Lori la kuwachukua liliondoka saa nane mchana. Hakurudi, wala mwili haukurudi, ilikuja karatasi. Mumewe alikuwa mwimbaji anayejulikana wilaya nzima, akasema kama hakuna mwili basi ataiita roho, ila sauti yake haitafika mbali hivyo. Akaenda mjini akalipia santuri, moja tu. Kila siku saa nane aliipiga dirishani. Thawi hakuja. Wakaja wengine. Watoto wa jirani, wachunga nyati, binti mmoja wa kuuza aiskrimu. Wote ambao ni watoto wa mtu tu na bado hawajawa mama au baba wa mtu. Ndiyo maana miguu yangu mimi ilibaki kwenye kinu.

Mumewe alipokufa mtawa mkuu alimwambia aizibe. Asiivunje, kwa sababu ikivunjika walioambiwa wakae hawatapata wa kuwaruhusu kuondoka. Akasaga udongo mweupe, akachanganya na nta ya mishumaa ya maziko ya mumewe, akaipaka kwa kidole siku nzima. Watoto wakarudi kwao.

"Sasa kwa nini ulimpa wangu?"

Alimaliza kwanza kumenya ukwaju uliokuwa mkononi.

"Nina miaka themanini na mbili, Samruai. Nilitaka niisikie sauti ya mume wangu mara moja, hata kwa mbali. Mimi niliyepaka siwezi kutoa. Nikasikia mwanao ana mikono safi, chochote akiosha kinaimba."

"Ulijua atakuja."

"Nilijua mtu atakuja. Sikujua kama nitafurahi hivi."

Huko juu tulimsikia Fai anatembea, mbao zinalia, anaimba kidogokidogo. Bibi Bunthan aliinua uso kuisikiliza ile miguu. Nikaona kabisa kwamba huyu mwanamke si mchawi wala hana nia mbaya, na kwamba hatamwachia mwanangu kamwe. Hapo nikapata swali, sijui lilitoka wapi.

"Na wewe ukifa, yeye ataambiwa na nani aondoke?"

Mikono yake ilisimama. Nadhani hakuwa amewahi kufika hapo katika mawazo yake. Ukwaju ulimdondoka kwenye majani.

"Atakaa," akasema. "Ataendelea kukaa."

Ndipo akanipa njia. Kilichotoka lazima kirudi. Kilekile, chote, pande zote mbili, na kipakwe na mkono wa aliyemzaa. Nilikimbia. Nilikimbia kwenye ule mchanga mpaka kandambili ikakatika, kwa sababu nilikuwa nimeshajua: vyote vilivyotoka vilikuwa kwenye zile tando mbili, na mmoja nimeuona kwenye makaa.

Nilimwaga makopo yote ya mikate sakafuni. Bibi Kongma alikuwa analia bila kujua kosa lake ni nini. Utando mmoja niliupata katikati ya mikate, umejibana kati ya miwili kama mtoto anayejificha. Ulikuwa wa upande wa kwanza. Nilijua kwa alama ya kijiwe karibu na tundu, maana ule wa kwanza Fai aliubana hapo.

Niliuloweka kwenye maji ya moto. Gundi ikageuka tena nyeupe, ikayeyuka ikawa kama uji mwepesi, na chini ya bakuli ukatulia ule udongo, wa kijivu, kijiko kimoja hivi. Nikaumwaga uji polepole, nikauacha udongo ukauke kidogo, nikayeyusha mshumaa, nikachanganya. Nilipaka kwa kidole cha shahada, mfereji kwa mfereji, nikizunguka, sikatizi, vilevile kama yeye alivyokuwa anafuta. Nilimwita kwa jina lake muda wote. Upande wa pili sikuwa na kitu. Niliyachukua majivu ya jikoni, yote, nikayachekecha kwa kitambaa, nikijua kuwa humo kuna majivu ya ule utando na pia ya mkaa na ya mchele na ya siku nyingine nyingi. Nikaongeza udongo mweupe mpya kutoka hekaluni. Nikapaka. Ulishika. Kwa macho huwezi kujua upi ni upi.

Fai alirudi kesho yake, saa nane ya mchana, anachechemea, nyayo zimeungua. Aliomba maji. Alilala kwenye mkeka mpaka jua likazama, nami nilikaa nimemshika kifundo cha mguu kama nilivyokuwa namshika akiwa mchanga. Alipoamka alitafuta simu yake. Akacheka kuona ujumbe mia na kitu. Akauliza kwa nini beseni lake lina buibui. Mimi na mama yangu tulishikana tukalia, naye akatutazama kama vichaa, akaniuliza kama kuna wali.

Nikampakulia. Akala sana. Akanirudishia sahani kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Samruai."

Nilidhani ni usingizi. Nikadhani ni utani. Hii sasa ni miaka miwili.

Ananisaidia kazi kuliko zamani. Ananitania, anamchana bibi yake nywele, anaoshea watu santuri zao. Hataki tena kuzinunua, anasema anaogopa kugongagonga nyumba za watu. Mwito haumsumbui. Upande wa kwanza niliuziba vizuri, na hakuna mtoto mwingine aliyekwenda pale. Lakini aliambiwa akae, na upande huo niliuziba kwa majivu ya kubahatisha. Bibi Bunthan alikufa mwanzo wa mvua. Hakuna aliyekuja kutuambia, ila Fai alikuwa ameshavaa nguo nyeupe tangu asubuhi, na mazikoni alikaa mahali pa mtoto wa nyumba. Siku hizi saa nane anafunga wali kidogo kwenye kikapu, anakwenda kukaa kwenye zile ngazi, nyumba tupu, mlango umefungwa. Jua likishuka anarudi. Nikimuuliza anafanya nini kule anasema hafanyi kitu, amekaa tu. Kisha ananiuliza kwa upole kama nimechoka, anichukulie kinu. Mama Samruai, anasema, pumzika.

Santuri ninayo mimi. Siivunji.

Naandika haya kwa sababu ile picha ya Fai akibandua utando, aliyowatumia wateja wake, bado inazunguka kwenye simu za watu, na watu hawaachi kuuliza aliufanyaje ule uchafu mweupe utoke. Wengi ni watoto wadogo. Mna mama zenu. Basi haya ndiyo ya kuepuka:

Usioshe kwa maji ya bomba yenye chumvi. Tumia ya mvua.

Usiloweshe karatasi ya katikati.

Usifute kwa kukatiza mifereji.

Usitumie petroli wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Santuri inaharibika, na kichwa chako pia.

Usikaushe juani.

Usibandue gundi kabla haijawa kama kioo, itakatikia ndani.

Usiweke utando wa gundi karibu na chakula, wala mahali ambapo mtu asiyeona vizuri anafanya kazi.

Usitupe utando kabla hujaisikiliza santuri, na usiisikilize peke yako kama hujazaa.

Usisafishe santuri isiyo na jina la kiwanda uliyopewa na mtu aliyekuita mwenyewe.

Usisafishe uchafu uliokaa sawasawa. Huo umepakwa na mtu.

Usinyamaze ukiona.